Uchumi Huu Unaning'inia kwa Kamba Ngapi?

Aprili 2014 Nigeria ililala ikiwa nchi ya pili kwa ukubwa wa uchumi barani Afrika, ikaamka ya kwanza. Hakuna kisima kipya cha mafuta kilichochimbwa usiku huo, wala kiwanda kilichofunguliwa. Watakwimu wa serikali walikuwa wamebadili mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei na muundo wake hutumiwa kupimia uchumi, kutoka 1990 kwenda 2010, wakaanza kuhesabu ipasavyo mambo ambayo mwaka 1990 yalikuwa hayapo au hayaonekani: simu za mkononi, filamu za Nollywood, muziki. Pato la Taifa la mwaka 2013 likavimba kwa asilimia 89, kutoka takriban dola bilioni 270 hadi bilioni 510 hivi, na Afrika Kusini ikaachwa nyuma.

Hesabu ile haikuwa ya kughushi. Ilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko ya zamani, maana ya zamani ilipima nchi ya leo kwa pishi ya juzi. Kasoro ilikuwa kwa wasomaji wake. Takwimu mpya zilionyesha kwamba sekta ya mafuta na gesi, iliyodhaniwa kuwa theluthi moja ya uchumi, ilikuwa asilimia 14 tu. Wachambuzi wakashangilia: nchi imejikwamua kwenye utegemezi wa mafuta, udhaifu wake mkubwa umekwisha. Walichosahau ni kwamba kinyozi wa Kano, mwenye nyumba wa Lagos na mtengeneza filamu wa Enugu wote wanalipwa naira. Wamo ndani ya Pato la Taifa kihalali kabisa, ila hakuna hata mmoja wao anayeweza kumlipa mwenye kiwanda cha matairi huko Korea Kusini. Dola ya kumlipa huyo ilitoka kwenye ile asilimia 14, ambayo peke yake ilileta takriban tisa ya kumi ya mapato ya mauzo ya nje.

Mwaka haujaisha, bei ya mafuta ikaanza kuporomoka, kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 Januari 2016. Juni 2015 Benki Kuu ikatoa orodha ya bidhaa 41 ambazo waagizaji wake hawatauziwa tena fedha za kigeni kwa bei rasmi. Mchele ulikuwamo, saruji ilikuwamo, hata vijiti vya kuchokolea meno. Orodha hiyo iliishi hadi Oktoba 2023. Mwaka huohuo mashirika ya ndege yalikuwa na zaidi ya dola milioni 800 zilizokwama nchini: tiketi zimeuzwa, naira zimo benki, dola za kuzitoa hazipo. Juni 2023 naira ikaachiwa itafute bei yake sokoni; iliyokuwa chini ya 500 kwa dola ikavuka 1,500 mwanzoni mwa 2024. Julai 2025 watakwimu wakabadili tena mwaka wa kizio, safari hii kwenda 2019, na pato likavimba tena. Pamoja na kuvimba huko, uchumi wote wa mwaka 2024 ulihesabiwa kuwa dola bilioni 243 hivi. Haufiki nusu ya ule wa 2013.

Nigeria inabaki soko ambalo mfanyabiashara hawezi kulipuuza, na wapo waliotajirika ndani ya miaka hiyohiyo ya misukosuko. Nimeanza nayo kwa sababu inaonyesha vizuri swali ambalo tathmini nyingi za uchumi hazilifikii. Zinauliza uchumi una ukubwa gani na unakua kwa kasi gani. Mwenye mzigo bandarini ana swali lake jingine: uchumi huu unaning'inia kwa kamba ngapi, na ile nene kuliko zote ikikatika, nitalipwa na nani, kwa fedha ipi?

Usidhani ukubwa wa kwenye karatasi ni ugonjwa wa nchi maskini. Julai 2016 Ayalandi ilitangaza kwamba uchumi wake ulikuwa umekua kwa asilimia 26 mwaka uliotangulia. Asilimia 26, katika nchi tajiri ya Ulaya! Mchumi Paul Krugman akaubatiza ukuaji ule jina la leprechaun, kile kijitu cha hadithi za Waayalandi kinachoficha chungu cha dhahabu mwisho wa upinde wa mvua. Kilichotokea ni kwamba makampuni makubwa ya kimataifa yalihamishia huko umiliki wa hataza (haki za uvumbuzi) na mali nyingine za aina hiyo kwa sababu za kodi. Makaratasi yalihamia Dublin. Wafanyakazi na mitambo, kwa sehemu kubwa, vilibaki vilipokuwa. Ila Waayalandi nawapa heshima yao, maana walitunga kipimo kingine cha pato kinachoondoa fedha hizo za kupita, na wanakitangaza kila mwaka ingawa kinawaonyesha wadogo. Serikali zenye ujasiri wa kujipunguza hadharani ni chache.

Baada ya Pato la Taifa, ripoti nyingi hukimbilia nafasi ya nchi kwenye orodha fulani. Kwa karibu miaka 20 orodha iliyotajwa kuliko zote ilikuwa ile ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara, iliyoanza 2003. Mawaziri waliipigia kampeni. Nchi ziliunda kamati maalumu za kupanda ngazi. India ilitoka nafasi ya 142 hadi ya 63 ndani ya miaka mitano hivi, na ni kweli kwamba sheria zake kadhaa zilirekebishwa, ikiwamo ya ufilisi. Lakini kwa nchi ile yenye watu zaidi ya bilioni moja, vipimo vilichukuliwa Mumbai na Delhi. Mwenye karakana Bihar hakuulizwa kitu.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliifuta orodha hiyo baada ya kugundulika kwamba takwimu za matoleo mawili zilichezewa. China, kwa mfano, iliwekwa nafasi ya 78 ilipostahili kuwa ya 85, na kasoro nyingine ziligusa Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu na Azerbaijan. Tangu Oktoba 2024 kuna orodha mpya, iliyoanza na nchi 50, na safari hii kampuni zenyewe zinaulizwa mambo yanavyokwenda, pamoja na kusoma sheria. Ni hatua. Hata hivyo mimi ningemshauri mtu asisome cheo. Afungue kurasa za ndani atafute siku na gharama za kitu kimoja anachokihitaji yeye. Kama unauza dawa, muda wa kupata kibali cha ujenzi haukuhusu. Unachotaka kujua ni mzigo unalala siku ngapi bandarini na nani hasa anaruhusiwa kuufungua.

Hapo ndipo tathmini nyingi zinapoharibika: zinapima nguvu bila kusema nguvu kwa nani. Sarafu inayoshuka thamani ni msiba kwa anayeleta simu kutoka nje, ni neema kwa anayeuza maua nje, na kwa mwenye hoteli inategemea wageni wake wanatoka wapi. Mishahara midogo humvutia mwenye kiwanda cha nguo na kumkimbiza mwenye kuuza magari. Uchumi uleule, mwezi uleule. Na nchi yenyewe mara nyingi si kitu kimoja: jimbo la São Paulo peke yake hutoa karibu theluthi moja ya pato la Brazili, kwa hiyo anayesema anaingia soko la Brazili huenda anaingia São Paulo tu, na wastani wa nchi nzima utampotosha kila anapoutumia.

Sasa turudi kwenye fedha za kigeni, maana ndizo zinazoua biashara zilizo salama kwa kila kipimo kingine.

Sri Lanka ilikuwa na sifa ambazo mtu angezisifu katika ripoti yoyote. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika, chai yake inajulikana dunia nzima, viwanda vya nguo vina wateja wakubwa, bandari ya Colombo imekaa kwenye njia kuu ya meli za Asia na Ulaya. Mwisho wa 2019 serikali mpya ikakata kodi, ya ongezeko la thamani ikishuka kutoka asilimia 15 hadi 8. Utalii, uliokuwa bado na majeraha ya mashambulizi ya Pasaka ya mwaka huohuo, ukazimwa kabisa na korona. Aprili 2021 ikapigwa marufuku mbolea ya viwandani kuingizwa nchini, mavuno yakaanguka. Aprili 2022 nchi ikatangaza kwamba haiwezi tena kulipa madeni yake ya nje.

Jambo la kujifunza limo ndani ya neno "akiba". Vitabu vya uchumi vinasema nchi iwe na akiba ya fedha za kigeni inayotosha kuagiza bidhaa kwa miezi mitatu. Sri Lanka ilipofika ukingoni, karatasi bado zilionyesha akiba ya dola bilioni moja na kitu. Ila sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa ni makubaliano ya kubadilishana sarafu na China, fedha isiyoweza kununua mafuta wala dawa siku hiyo. Waziri wa fedha alisema wazi Mei 2022 kwamba kinachoweza kutumika hakifiki dola milioni 50. Foleni za petroli zilikuwa zimeshaanza. Kwa hiyo mtu akikwambia nchi ina akiba ya bilioni kadhaa, usimshukuru bado. Muulize ngapi kati ya hizo zinatoka benki leo.

Deni nalo husomwa vibaya vivyo hivyo. Deni la serikali ya Japani limezidi mara mbili ya pato la nchi, na bado inakopa kwa riba ndogo, kwa sababu inadaiwa yeni, nyingi ya hizo na Wajapani wenyewe. Zambia ilianguka Novemba 2020 iliposhindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwenye hati fungani moja. Uwiano wa deni kwa pato, ambao ndio hupewa kichwa cha habari, ungekudanganya kuhusu nchi zote mbili. Ungeangalia deni limeandikwa kwa sarafu ipi, na katika kila shilingi ya kodi inayokusanywa ni senti ngapi zinakwenda kwa wadai, ungekuwa umeiona Zambia ikielekea bondeni miaka miwili kabla.

Na kabla nchi haijatangaza chochote, mwagizaji huwa ameshajua. Misri, mwanzoni mwa 2022, iliwalazimisha waagizaji kupitia dhamana ya benki kwa kila mzigo badala ya utaratibu mwepesi waliouzoea. Maana yake ilikuwa moja tu: dola zinagawiwa kwa foleni. Kontena zikajaa bandarini zikisubiri. Sharti lilifutwa mwisho wa mwaka, lakini pauni, iliyokuwa chini ya 16 kwa dola kabla ya Machi 2022, ilifika karibu 50 Machi 2024. Ethiopia vilevile: kwa miaka bei ya dola mtaani ilikuwa imeachana na ile ya benki, na mwanya uliendelea kupanuka hadi kufikia karibu mara mbili. Julai 2024 birr ikaachiwa, ikatoka 57 na ushei kwa dola hadi zaidi ya 100 ndani ya wiki chache. Uchumi wa Ethiopia ulikuwa ukisifiwa kwa kasi ya ukuaji miaka yote hiyo. Sifa zilikuwa za haki, barabara na mabwawa yapo. Ila pengo kati ya bei mbili za dola lilikuwa likisema habari ambayo kasi ya ukuaji haikuisema, na kulijua hakuhitaji shahada. Ukiniambia nichague tarakimu moja tu ya kuijua nchi kabla sijatuma mzigo, nitachagua hiyo.

Nimetaja kamba nene. Ugumu ni kwamba kamba nene huonekana kama nguvu, na ni nguvu kweli, hadi siku yake.

Ujerumani ilijenga viwanda vya kemikali, chuma na vioo juu ya gesi ya bei nafuu kutoka Urusi. Mwaka 2021 zaidi ya nusu ya gesi iliyoagiza ilitoka huko. Hakuna mchambuzi wa kawaida aliyeiandika gesi hiyo upande wa udhaifu. Ilikuwa upande wa nguvu, chini ya kichwa "nishati ya uhakika". Kufikia Septemba 2022 bomba kuu la chini ya Bahari ya Baltiki lilikuwa kimya, kisha likalipuliwa. Uchumi wa Ujerumani ulisinyaa mwaka 2023 na ukasinyaa tena 2024. Haukuanguka, na hapa pana tofauti na Sri Lanka: Ujerumani ilikuwa na kamba nyingine nyingi, na fedha ya kukodi meli za gesi kutoka kwingine ndani ya miezi.

Misri na mfereji wake. Mwaka 2023 Suez iliingiza zaidi ya dola bilioni 10. Mashambulizi ya Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, katika Bahari ya Shamu yalipozigeuza meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, mapato ya 2024 yakaanguka hadi takriban bilioni 4. Mfereji haukuharibika hata jiwe moja. Panama nayo, katika ukame wa 2023, ilipunguza meli zinazopita kwa siku kutoka 36 hivi hadi 24, maana maziwa yanayojaza malango ya mfereji yalikuwa yamepungukiwa maji. Nafasi kwenye ramani ni mali kubwa ya kibiashara, lakini funguo zake mara nyingi ziko mfukoni mwa mtu mwingine, au mawinguni.

Mfano unaonisumbua zaidi ni Botswana, kwa sababu pale kila mtu alifanya alivyoambiwa. Almasi ziligunduliwa Orapa mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na serikali haikuzitapanya. Ilijadiliana kwa makini na De Beers, kampuni kubwa ya almasi, ikajenga shule na barabara, ikaweka akiba, ikafanya uchaguzi bila kukosa. Katika kila mafunzo ya utawala bora jina la Botswana halikosekani. Na bado almasi zimeendelea kuwa takriban asilimia 80 ya mauzo yake ya nje. Almasi za maabara zilipoingia sokoni kwa bei ya chini, na wanunuzi China wakapungua, uchumi ukasinyaa kwa karibu asilimia 3 mwaka 2024. Utawala bora uliitunza kamba ile vizuri isiliwe na panya. Haukuongeza kamba ya pili. Hii ndiyo sababu ninakuwa mgumu kukubali tathmini inayoweka "taasisi imara" kama jibu la kila udhaifu; taasisi imara zinakupa muda wa kujipanga, na muda huo unaweza kupita ukiwa umekaa kwa heshima zote.

Lesotho ni kamba ya aina nyingine: soko moja, kwa huruma ya sheria ya nchi nyingine. Viwanda vyake vya nguo vilikua baada ya Marekani kufungua mlango kwa bidhaa za Afrika mwaka 2000. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za Lesotho. Baadaye ulishushwa hadi 15, lakini katikati ya hizo tarehe mbili wateja walikuwa wamesitisha oda, na oda ya jinzi haisubiri. Mtu aliyeitathmini Lesotho mwaka 2024 kwa kuangalia mishahara, usalama na ujuzi wa washonaji angeandika ripoti nzuri na angepata hasara.

Linganisha na Costa Rica. Intel, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, iliingia huko 1997 na kujenga kiwanda, na kwa muda uchumi wa nchi ile ndogo ulipanda na kushuka na kiwanda kimoja. Mwaka 2014 Intel ikafunga sehemu ya kuunganisha vipuri na kuihamishia Asia. Ilitakiwa iwe kilio. Ila katika miaka ile nchi ilikuwa imefundisha mafundi, imezoea viwango vya ubora vya kimataifa, imeweka lugha na vyuo sawa. Makampuni ya vifaa vya hospitali yalikuta mafundi tayari, na leo vifaa hivyo vinaongoza mauzo yake ya nje. Mgeni aliondoka, ujuzi ukabaki. Kwa hiyo unapoona kiwanda kikubwa cha mgeni katika nchi unayoipima, uliza anayesimamia mitambo anatoka wapi, na vifaa vingapi vinanunuliwa umbali wa kuendesha gari kutoka getini. Kama kitambaa kinatoka nje, vifungo vinatoka nje na meneja anatoka nje, kinachouzwa ni jasho la washonaji tu, na bei yake hupangwa na nchi yoyote iliyo maskini zaidi yako mwaka huo.

Kuna udhaifu mwingine ambao ripoti huukuza kupita kiasi, nao ni ule wa jiografia. "Nchi haina bahari" huandikwa kama hukumu. Uswisi haina bahari. Ina mto Rhine unaofikisha mizigo Basel, na ina majirani matajiri wanaonunua vitu vyake kwa lori. Ethiopia nayo haina bahari tangu Eritrea ijitenge 1993, na zaidi ya asilimia 90 ya biashara yake hupitia Djibouti. Tofauti ya nchi hizo mbili haiko majini. Iko kwa majirani: ni wangapi, wana fedha kiasi gani, na mlango ukifungwa huku, kuna mwingine kule? Singapore ilipojitenga na Malaysia mwaka 1965 haikuwa hata na maji yake ya kutosha. Mkataba wa mwaka 1962 wa kuchota maji Johor, jimbo jirani la Malaysia, unaisha 2061, na kila mtu pale anaijua tarehe hiyo. Ndiyo maana walianza mapema kusafisha majitaka hadi yanyweke. Udhaifu wenye tarehe ya kuisha una faida moja: haukuachi ulale.

Yote haya unaweza kuyachimba ukiwa mezani kwako, na unapaswa. Kuna mbinu ya zamani ambayo wengi hawaitumii: chukua nchi A inasema imeiuzia nchi B bidhaa za thamani gani, kisha tazama nchi B inasema imepokea ngapi. Gharama za usafiri na bima zitaeleza tofauti ndogo. Tofauti kubwa inaeleza magendo, au bei za uongo kwenye ankara, au vyote viwili, na inakwambia ushindani wako wa kweli hauko kwenye maduka yanayolipa kodi. Lakini baada ya hapo lazima mtu atembee. Ahesabu jenereta nje ya maduka ya kawaida. Awaulize mawakala wa forodha, maana hawana sababu ya kuisifu nchi, mzigo wa jana ulitoka saa ngapi. Amuulize mwenye kiwanda cha kati kesi yake ya mwisho ya mdaiwa ilichukua miaka mingapi. Afrika Kusini ina soko la hisa kubwa kuliko yote barani na benki ambazo mtu yeyote angezionea wivu. Mwaka 2023 umeme wake ulikatwa kwa zamu zaidi ya siku 300, na reli ya makaa ya mawe kwenda Richards Bay ilisafirisha mzigo mdogo kuliko wakati wowote kwa takriban miaka 30. Anayeuza bima na anayeuza makaa walikuwa katika nchi mbili tofauti.

Nimalizie na mchambuzi aliyekosea, kwa sababu alikosea akiwa na hoja zote sahihi. Mwaka 1961 mchumi Mwingereza James Meade, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, aliitathmini Mauritius. Aliona kisiwa kidogo mbali na masoko yote, kisicho na madini, watu wanazaliana upesi, jamii zinashukiana, na sukari ikiwa karibu mauzo yote ya nje. Akaona mbele kiza. Ukiisoma hesabu yake leo huwezi kuonyesha kosa. Kisiwa kilikuwa kinaning'inia kwa kamba moja, tena ya miwa.

Ambacho hesabu haikukiona ni mambo mawili. Mwaka 1970, miaka miwili baada ya uhuru, Mauritius ilitunga sheria ya viwanda vya kuuza nje wakati wawekezaji wa Hong Kong walikuwa wanatafuta mahali pa kushonea, kwa kuwa mgao wao wa kuuza nguo Ulaya, yaani kiasi walichoruhusiwa kupeleka, ulikuwa umebana. Na mwaka 1975 Ulaya ilikubali kununua sukari ya kisiwa kwa bei iliyozidi ya soko la dunia, na wenye mashamba, badala ya kuila faida hiyo yote, waliipeleka kwenye viwanda vya nguo na hoteli za ufukweni. Kamba ya miwa ikatumika kusokota nyingine. Zilipokatika mbili karibu kwa pamoja, mgao wa nguo duniani ulipofutwa Januari 2005 na Ulaya ilipoanza mwaka 2006 kukata bei ya sukari kwa zaidi ya theluthi, kisiwa kiliyumba kikabaki kimeshikwa na utalii na huduma za fedha. Julai 2020 Benki ya Dunia ikakiweka kwenye kundi la nchi za kipato cha juu. Mwaka mmoja baadaye korona ilikishusha, kwa sababu utalii nao ni kamba.

Madini hayajapatikana hadi leo.